Wali wa Kukaanga wa Mboga: Kiporo, Moto na Maji

Wali wa kukaanga ni chakula kinachotokana na wali uliokwisha kupikwa na kupoa, ambao hurudishwa motoni katika mafuta machache pamoja na mboga zilizokatwa vipande vidogo. Kwa sababu hiyo hutofautiana kimsingi na pilau, ambayo mchele wake huingia katika sufuria ukiwa mbichi, hugeuzwa kidogo pamoja na vitunguu na viungo, kisha huivishwa kwa maji au supu. Mpishi wa pilau huyaingiza maji katika punje, ilhali mpishi wa wali wa kukaanga huyatoa, na takriban kila kosa linaloufanya wali huo uwe bokoboko hutokana na kusahau jambo hilo moja.

Asili ya chakula hiki ni China, ambako jiji la Yangzhou, katika jimbo la Jiangsu, hutajwa zaidi kwa wali wake, na kutoka huko wahamiaji wa Kichina waliueneza kusini-mashariki mwa Asia, hata Waindonesia wakawa na wao wenyewe uitwao nasi goreng, kisha ukafika katika mikahawa ya Kichina ya miji mingi duniani, ikiwamo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Katika mikahawa hiyo wali hutiwa yai, na mara nyingi kuku au kamba. Hata ule ulioandikwa kuwa ni wa mboga huweza kukutwa na vipande vya yai, kwa kuwa si kila mpishi anayelihesabu yai kuwa ni kitu cha mnyama. Wali unaoelezwa hapa hauna yai, samli wala siagi, na unafaa kwa walaji wanaoacha kila kinachotokana na mnyama, asali ikiwemo. Hao hujulikana kwa jina la vigani, jina lililoanza kutumika mwaka 1944 wakati Donald Watson na wenzake walipoanzisha Vegan Society nchini Uingereza. Hawalingani na wale wanaoacha nyama tu lakini hunywa maziwa na kula mayai, kama walivyo Wasabato wengi. Walio karibu nao zaidi ni waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, ambao katika siku za kufunga huacha nyama, mayai na maziwa pia.

Msingi wa chakula hiki ni kiporo, na sababu yake imo katika wanga wa mchele. Wanga huo ni wa aina mbili, amilosi, ambayo molekuli zake ni nyuzi ndefu zilizonyooka, na amilopektini, ambayo molekuli zake zina matawi mengi na ndiyo inayouletea wali mnato. Wanga unapokutana na maji na joto linalozidi nyuzi 60 hivi hufyonza maji, huvimba na kulainika, na ndipo wali unapoiva. Wali ukipoa, molekuli hizo huanza kujipanga upya na kushikamana kwa uimara zaidi, na badiliko hili huenda kwa kasi katika ubaridi wa jokofu, karibu na nyuzi 4, ndiyo maana wali uliolala humo huamka mgumu na punje zake zimeachana. Ugumu huo, ambao mlaji wa asubuhi huuona kuwa kasoro, kwa mpishi wa wali wa kukaanga ni sifa, kwani punje iliyoimarika hugeuzwa kwa mwiko bila kuvunjika, wakati punje ya wali uliopakuliwa sasa hivi hupondeka, hutoa wanga unaonata na kugandana na nyingine.

Mchele wa punje ndefu wenye amilosi ya kutosha, kama basmati na pishori ya Mwea, hufaa kuliko mchele wa punje fupi na nene. Jambo lisiloandikwa kwenye mfuko, lakini ambalo wauza mchele sokoni hulijua vyema, ni umri: mchele mpya uliotoka shambani juzi hugandana hata ukipikwa kwa uangalifu, ilhali mchele wa zamani, uliokaa ghalani miezi kadhaa, hunywa maji mengi zaidi na kuchambuka. Mchele huoshwa mpaka maji yake yakaribie kuwa maangavu, ili unga unaong'ang'ania punje uondoke, na hupikwa kwa maji pungufu kidogo ya yale ya siku zote, kisha hukaushwa vizuri kwa moto mdogo, au kwa kupalia makaa juu ya kifuniko kama wafanyavyo wapishi wa pwani. Ukoko huachwa kwenye sufuria, kwa kuwa ukikaangwa huwa mgumu wa kuvunja meno. Wali wa nazi haufai hata kidogo kwa kazi hii, maana tui huzivika punje mafuta na unyevu, nao wenyewe huchacha mapema.

Kabla ya kuufikia moto, hapana budi kueleza hatari ya kiporo, kwa sababu imani iliyoenea kwamba chakula kilicholala husalimika kikichemshwa tena si sahihi kwa wali. Mchele mbichi huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujihifadhi katika hali ya mbegu ngumu zinazostahimili joto la kupikia. Wali ukiachwa mezani katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana, na baadhi ya aina zake hutoa sumu inayosababisha kutapika katika muda wa nusu saa hadi saa sita baada ya kula. Sumu hiyo haiharibiwi na kuchemka wala kukaangwa: bakteria watakufa karaini, lakini kile walichokiacha kitabaki. Kwa hiyo wali uliokusudiwa kukaangwa kesho hutandazwa kwenye sinia pana mara tu unapoiva, ili mvuke uondoke na joto lishuke upesi, kisha huwekwa jokofuni ndani ya saa moja na kutumika katika siku inayofuata.

Nyumba isiyo na jokofu haikosi njia. Wali hupikwa siku ile ile, hutandazwa kwenye sinia kwa muda wa nusu saa mahali penye upepo au mbele ya feni, ukiwa umefunikwa kwa kawa au kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, na hukaangwa mara moja. Punje hazitakuwa imara kama za wali wa jokofuni, lakini zitakuwa zimepoteza unyevu wa juu, na huo ndio unaosumbua zaidi. Kinachopasa kuepukwa kabisa ni wali wa usiku uliofunikwa kwenye sufuria na kuachwa jikoni hadi asubuhi, hasa katika miji ya pwani ambako usiku wenyewe ni wa joto.

Maji mengine huingia karaini kupitia mboga. Karoti ni maji kwa karibu asilimia 88, kabichi na pilipili hoho huzidi asilimia 90, na nyanya hufikia asilimia 94 au 95. Maji yanapochemka hubaki kwenye nyuzi 100, na kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji nishati inayozidi mara tano ile ya kuyapandisha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Maana yake ni kwamba karai lililolowa hutumia moto wake wote kukausha na halikaangi. Harufu na rangi ya kahawia inayotafutwa katika chakula cha kukaangwa hutokana na mmenyuko wa sukari na amino asidi, ulioelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ambao huenda upesi joto linapokaribia nyuzi 140, kiwango kisichofikiwa penye maji. Ndiyo sababu nyanya, ambayo katika majiko ya Afrika Mashariki huingia karibu katika kila sufuria, haina nafasi hapa, na mpishi aliyezoea kuanza na kitunguu na nyanya atalazimika kuizuia mikono yake.

Kwa watu wanne, vikombe vinne hadi vinne na nusu vya wali vinatosha, navyo hupatikana kutokana na kikombe kimoja na nusu cha mchele. Mboga zinazofaa ni karoti mbili, pilipili hoho moja, kikombe kimoja cha njegere zilizochemshwa kidogo na kuchujwa, robo ya kabichi ndogo iliyokatwa nyembamba, kitunguu maji kimoja, na fungu la vitunguu majani. Maharage mabichi ya maganda, mahindi machanga au uyoga huweza kuingia badala ya mojawapo. Karoti na hoho hukatwa vipande vya nusu sentimita hivi, vinavyokaribiana kwa ukubwa na njegere, ili viive kwa pamoja na vilingane na wali kijikoni. Baada ya kuoshwa mboga hukaushwa kwa kitambaa, na hazitiwi chumvi mapema, kwa kuwa chumvi huyavuta maji yatoke kabla moto haujapata nafasi.

Chombo bora ni karai la chuma, ambalo kwa umbo halitofautiani sana na lile la Kichina, na lile lile la kukaangia chipsi au maandazi hutosha likisafishwa. Mikahawa ina moto mkubwa kupita jiko la nyumbani, na tofauti hiyo hufidiwa kwa kukaanga kiasi kidogo kwa wakati mmoja: vikombe vinne vya wali hukaangwa kwa mafungu mawili, maana karai likijazwa hupoa, mboga hutoa maji, na kazi yote huharibika. Jiko la mkaa uliokolea vizuri halipitwi sana na la gesi, mradi kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa karibu kabla ya kuanza, kwa kuwa ukaangaji wenyewe hauchukui hata robo saa.

Karai huwekwa motoni likiwa tupu mpaka tone la maji likidondoshwa litoweke papo hapo, ndipo hutiwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, ambayo huvumilia joto kubwa bila kutoa moshi haraka. Karoti hutangulia kwa dakika mbili, zikifuatwa na hoho, njegere na mwisho kabichi, na zote huepuliwa zingali zikikwaruza meno, kwani zitarudi motoni tena. Kijiko kingine cha mafuta hutiwa, kisha kitunguu maji, punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, vyote vikiwa vimekatwakatwa; saumu isiachwe zaidi ya nusu dakika, maana ikiungua huwa chungu na uchungu wake hauondoki. Wali, uliokwisha kuchambuliwa kwa vidole hadi mabonge yote yakaisha, hutandazwa juu yake na kuachwa utulie kidogo kabla ya kugeuzwa, ili upande wa chini upate joto la chuma, kisha hugeuzwa na kutandazwa tena. Baada ya dakika tatu au nne mlio wa karai hubadilika, ule wa mvuke hupungua, na punje huanza kurukaruka zenyewe. Hiyo ndiyo dalili kwamba maji ya nje yameisha na mboga zinaweza kurudishwa.

Sosi ya soya, vijiko viwili vya chakula kwa wali wote, humiminwa pembezoni mwa karai badala ya juu ya wali, ili iguse chuma na kuchemka mara moja. Kijiko kimoja cha sosi hiyo hubeba chumvi ya gramu mbili au zaidi kidogo, na kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, chumvi nyingine haipaswi kuongezwa kabla ya kuonja. Sosi ya soya ya kawaida haina kitu cha mnyama, ingawa nyingi huwa na ngano, lakini sosi ya chaza hutengenezwa kwa chaza, na baadhi ya vidonge vya kuungia mchuzi vina mafuta au unga wa nyama, kwa hiyo maandishi ya pakiti yasomwe. Vitunguu majani, pilipili manga na matone ya mafuta ya ufuta huingia mwisho, karai likiwa limeshaepuliwa.

Kuhusu nafasi ya yai, tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa, hupondwa kwa vidole, hukaangwa peke yake pamoja na chembe ya manjano mpaka ikauke, na huchanganywa na wali mwishoni. Penye uhaba wa tofu, choroko au kunde zilizochemshwa na kuchujwa vizuri hufanya kazi ile ile, pengine vyema zaidi kwa mfuko, nazo pia huukamilisha wali, kwa kuwa protini ya mchele ina upungufu wa laisini, mojawapo ya amino asidi ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, na jamii ya kunde ina laisini ya kutosha. Vitamini B12 haipatikani katika sahani hii, kwa kuwa mimea haiitengenezi. Asiyekula kabisa vitu vya mnyama huitafuta katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.

Wali ukibaki baada ya mlo, na ukiwa umetokana na kiporo, haufai kuwekwa kwa mara ya pili, kwa hiyo ni afadhali kukaanga kinachotosha na kuacha wali mweupe uliosalia jokofuni kwa ajili ya mchana wa siku hiyo hiyo.