Uongozi wa Jahazi Moja: Funzo la Kisiwa cha Misali

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa nchi kavu na bahari na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake. Amma baad.



Tangu tukiwa darasa za chini tunafundishwa kwamba mwanaadamu ni khalifa katika ardhi, na kwamba mali hii tuliyokabidhiwa ni amana. Somo hilo tunalijua sote. Lakini liko suali ambalo mara nyingi hatulifikishi mwisho wake. Ikiwa bahari ni moja na wanaoitegemea ni wengi, nani atakuwa kiongozi wa kuilinda? Jee, ni mvuvi, ni sheha, ni serikali au ni mfadhili mwenye fedha? Na huyo atakayekuwa kiongozi, tutamjuaje kwamba anaongoza vizuri?

Katika makala hii tutalijibu suali hilo kwa kutazama mfano ulio karibu nasi, nao ni Kisiwa cha Misali.

MFANO WA JAHAZI

Imepokewa kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafananisha watu na abiria waliopiga kura kugawana nafasi katika jahazi. Baadhi walipata juu na wengine chini. Wale wa chini walipotaka maji iliwabidi kupita kwa wenzao wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba wakiachiwa wafanye watakavyo wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote.

Tuangalie vizuri jambo hili. Watu wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na shida ya kweli, maana maji ni haja ya kila siku. Kosa lao ni kudhani kwamba sehemu yao ni yao peke yao. Na watu wa juu nao wana lao. Kama wangewateremshia wenzao maji kwa wepesi, huenda fikra ya kutoboa isingekuja kabisa. Basi jahazi la wengi linahitaji uongozi wa namna mbili: wa kuzuia tundu, na wa kuhakikisha kila mtu anapata maji.

KISIWA CHA MISALI

Misali ni kisiwa kidogo kilichopo magharibi ya Pemba, mkabala na Chake Chake. Hakina mji wala kijiji, na maji yake matamu ni ya shida. Hata hivyo, wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba, na wengine wanaotoka mbali zaidi, wamekuwa wakienda dago huko tangu zama za wazee wao. Kimezungukwa na matumbawe yenye samaki wa kila aina, na katika fukwe zake kasa na ng'amba hupanda kutaga mayai.

Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika hapo akahitaji mswala wa kusalia. Alipoukosa akakifanya kisiwa chenyewe kuwa mswala wake, na ndipo likapatikana jina la Misali. Hii ni simulizi ya wazee, si hadithi ya Mtume (S.A.W.), na tuichukue hivyo. Lakini inatuonesha jinsi watu wa Pemba walivyokitazama kisiwa hiki kwa heshima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya hoteli ya watalii. Wavuvi waliupinga, kwani walijua kwamba ufukwe ukishakuwa wa mtu mmoja, dago halipo tena. Mpango ule haukuendelea. Badala yake, mwaka 1998, Misali na bahari inayokizunguka vilitangazwa kuwa eneo la hifadhi.

WASHIRIKA WALIKUWA NANI?

Hifadhi ya Misali haikuwa ya mtu mmoja. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikuwa na sheria na mamlaka. Wavuvi na vijiji vyao walikuwa na elimu ya bahari, na wao ndio wenye kuathirika. Palikuwa na jumuiya ya wananchi iliyojulikana kwa jina la MICA, yaani Jumuiya ya Hifadhi ya Kisiwa cha Misali. Shirika la CARE lilileta fedha na utaalamu.

Katazo likatolewa: baruti, sumu, bunduki za mishale na nyavu za kukokota zisitumike. Eneo likagawiwa sehemu mbili, moja ya kuvua kwa njia zinazokubalika na nyengine ndogo isiyovuliwa kabisa, ili samaki wapate pahala pa kuzaliana. Lakini katazo la karatasi peke yake halikutosha. Bahari ni pana, boti za doria ni chache, na mwenye njaa haogopi tangazo lililobandikwa ukutani.

Ndipo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, walipoingia washirika wengine, nao ni masheikh, maimamu na walimu wa madrasa. Taasisi ya Kiislamu ya elimu ya mazingira, IFEES ya Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilisaidia kuandaa mafunzo yaliyotoka katika Qur'ani na Sunna. Wavuvi wakaelezwa kuwa kulipua matumbawe ni ufisadi katika ardhi, na kwamba samaki mchanga anayeuawa bure ni israfu. Wako waliobadilika kwa maneno hayo ilhali faini haikuwabadilisha. Mtu anaweza kumkimbia askari wa doria, lakini hana pa kumkimbilia Mola wake.

KWA NINI BARUTI NI TUNDU LA JAHAZI?

Baruti inapolipuka ndani ya maji huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja. Wengi hupasuka kibofu chao cha hewa wakazama chini, hivyo mvuvi hupata sehemu tu ya aliowaua. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, huvunjika yakawa kifusi. Matumbawe ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa meza limeanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa, na linavunjwa kwa sekunde moja. Kesho yake mwenye mshipi na mwenye dema huenda pale pale akarudi mikono mitupu. Huyo hakutoboa tundu, lakini anazama pamoja na aliyetoboa.

KIONGOZI WA HIMA

Uislamu umetangulia katika jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram ambayo miti yake haikatwi ovyo wala mawindo yake hayafukuzwi. Pia alitenga malisho ya Naqi' kuwa hima, yaani eneo linalohifadhiwa kwa maslahi ya wote.

Sayyidna Umar (R.A.) naye alikuwa na hima, na aliyemkabidhi uangalizi wake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru aliyeitwa Hunayy. Tuzingatie hapo: hakutazamwa nasaba wala utajiri. Umar (R.A.) alimuusia awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (R.A.). Masahaba hao walikuwa watukufu, ila walikuwa na uwezo. Mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul Muuminin.

Hapa ndipo lilipo jibu la suali letu. Kiongozi wa hifadhi si mwenye mali. Ni mchunga aliyewekwa mlangoni, na kipimo chake ni hiki: anamfungulia nani na anamzuia nani. Hifadhi inayomfukuza mwenye ngalawa na kumkaribisha mwenye meli imepinduka, hata kama matumbawe yake yanang'ara.

KAZI ZA KIONGOZI WA USHIRIKA

Kutokana na tuliyoyaeleza, kazi hizo tunaweza kuzikusanya katika mambo manne:

1. Shura. Awakalishe washirika wote kitako kabla ya kuamua, si baada ya kuamua. Mvuvi anajua mwezi gani samaki gani wanakusanyika wapi. Akina mama wanaookota chaza na pweza wanajua mwamba kuliko mtu wa ofisini.

2. Mipaka iliyo wazi. Kila mtu ajue wapi panavuliwa na wapi hapavuliwi, na kwa sababu gani. Sheria isiyofahamika huwa mtego.

3. Uadilifu. Sheria imkamate mtoto wa mkubwa kama inavyomkamata mtoto wa mvuvi. Na kinachopatikana, kama ada za wageni, kiwafikie waliokubali kuacha kuvua.

4. Hesabu. Fedha za ushirika ni amana. Zisomwe hadharani, zilizoingia na zilizotoka. Miradi ya wafadhili huja na huondoka, na siku mradi unapoondoka ndipo hujulikana kama palikuwa na uongozi au palikuwa na posho tu.

KUTOKA MISALI HADI BAHARI YA HINDI

Samaki hawajui mipaka ya Misali. Kwa hiyo mwaka 2005 ilitangazwa Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iitwayo PECCA kwa kifupi chake cha Kiingereza, inayochukua bahari ya upande wa magharibi ya Pemba, na Misali ikawa ndani yake. Kazi ikawa kubwa zaidi, kwani sasa walihitajika kukaa pamoja watu wa shehia nyingi kupitia kamati zao za wavuvi.

Na ushirika hauishii Pemba. Kasa aliyetaga Misali anaweza kwenda kula majani ya bahari katika maji ya nchi nyengine kabisa. Kwa sababu hiyo nchi za upande huu wa Bahari ya Hindi zina Mkataba wa Nairobi, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996. Wamo Tanzania, Kenya, Somalia, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska, Komoro, Shelisheli, Morisi, pamoja na Ufaransa kwa ajili ya visiwa vyake. Jahazi ni lile lile, ila limekuwa refu. Kasa huchukua miaka ishirini na zaidi mpaka kufikia umri wa kutaga. Anayelindwa leo na kamati ya shehia moja, matunda yake yataonekana na wajukuu, pengine wa nchi jirani. Uongozi wa namna hii unahitaji ikhlasi, kwa sababu anayepanda si lazima ndiye atakayevuna.

SISI TUFANYE NINI?

Mwanafunzi anaweza kusema, "Mimi si mjumbe wa kamati." Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kwa alichokichunga. Kijana anayekataa kununua mafungu ya samaki wa baruti ameshika kipande cha usukani. Mzazi anayekwenda kwenye mkutano wa shehia na kuuliza kwa adabu hesabu za kamati, naye ameshika kipande chake. Na kesho miongoni mwetu watatoka masheha, maofisa wa uvuvi na wajumbe wa kamati. Siku hiyo tumkumbuke Hunayy mlangoni mwa hima, na tujiulize: mwenye ngalawa amepita?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie viongozi waadilifu, atubarikie bahari yetu, na atulinde sisi wenyewe na khiyana. Amin.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Watu wa chini ya jahazi walikosea wapi, na watu wa juu walikuwa na wajibu gani?
2. Taja washirika wanne wa hifadhi ya Misali na mchango wa kila mmoja.
3. Kwa nini Sayyidna Umar (R.A.) alitaka wenye mifugo wachache watangulizwe?
4. Waulize wazee wako: mtaani au kijijini kwetu, ni neema gani ya pamoja iliyokosa mchunga?