Sauti ya Waumini na Sera za Nchi za Nje

Wajumbe wa kamati za parokia huuliza: je, maoni ya watu wa kawaida katika nchi wafadhili yanaweza kubadili uamuzi wa serikali zao? Kampeni ya kufuta madeni, Jubilei 2000, inatupa jibu.

Wazo lake lilitoka katika Walawi sura ya 25, inayoagiza kwamba kila mwaka wa hamsini watu warudishiwe mashamba yao na watumwa waachiwe huru. Mei 16, 1998, viongozi wa Kundi la Nchi Nane (G8) walipokutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono na kuuzunguka mji. Wengi walitoka makanisani.

Nchi hizo zilikuwa marafiki, lakini hazikuwa na msimamo mmoja. Uingereza ilitaka nafuu ya haraka. Ujerumani na Japani zilisita. Kampeni ziliendelea katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, hivyo haikuwa rahisi kwa serikali moja kujificha nyuma ya rafiki yake. Aidha, Ujerumani ilipata serikali mpya mwaka 1998. Juni 1999, mjini Cologne, viongozi walikubaliana kupanua nafuu ya madeni.

Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango huo Novemba 2001. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Nafuu ya madeni haikuwa sababu pekee, lakini ilisaidia.

Hata hivyo, maoni ya watu hugeuka. Uingereza ilifikia lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato lake kama misaada mwaka 2013, ikashusha hadi 0.5 mwaka 2021. Februari 2025 serikali yake ilitangaza kwamba itashusha hadi 0.3 ifikapo 2027, ili kugharimia ulinzi.

Hivyo basi, taarifa za kamati zetu si karatasi za kujaza faili. Mfadhili anayemwendea mbunge wake huhitaji ukweli: kisima kilichimbwa lini, kinahudumia kaya ngapi, na kama pampu imeharibika, nani anaitengeneza. Tuandike mafanikio na upungufu pia. Nanyi wafadhili, pamoja na sadaka zenu, tunaomba sauti zenu.