Gari Lisichemshe: Feni Ijiwashe Yenyewe

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupanda gari la kwenda sokoni Musoma, likachemsha njiani. Mvuke unatoka mbele. Abiria wanashuka. Samaki na nyanya vinaharibika juani. Hasara ya mwenye gari ni kubwa zaidi. Injini ikipata moto mno, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Leo tujifunze kifaa kidogo kinachozuia hasara hiyo. Ni swichi ya joto ya feni.

Kazi ya feni

Maji huchukua joto la injini na kulipeleka kwenye rejeta. Upepo hupita hapo na kuyapoza. Gari likienda mbio, upepo wa njiani hutosha. Likisimama kupakia mizigo huku injini inafanya kazi, upepo huo haupo. Hapo feni ndiyo huuvuta.

Katika malori na Land Rover za zamani, feni ilizungushwa na mkanda wa injini. Magari mengi madogo ya siku hizi yana feni ya umeme. Swichi ya joto hupima maji, kisha huiwasha feni na kuizima.

Swichi hii ikifa, wengine huunga feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Feni hiyo huchakaa upesi. Wengine huweka swichi ya mkono. Lakini dereva akisahau kuiwasha, gari huchemsha.

Joto la kwetu

Sisi wa Iringo, Bunda na Butiama tunakaa juu. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji ya sufuria huku huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100 kama kule pwani. Kifuniko cha rejeta chenye springi hubana maji, yasichemke mapema. Kifuniko kikilegea, badilisha. Swichi nyingi huwasha feni maji yakifika kati ya nyuzi 90 na 95.

Jinsi ya kuunga

Feni hula umeme mwingi, mara nyingi ampea 10 hadi 20. Usiupitishe wote kwenye swichi ya joto, itaungua. Tumia rilei. Swichi huiamuru rilei, na rilei huiwasha feni. Miguu ya rilei ina namba. Mwambie fundi afuate hatua hizi:

1. Afungue kwanza waya hasi wa betri.

2. Waya mnene utoke betri chanya, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, uingie mguu namba 30.

3. Waya mnene mwingine utoke namba 87 kwenda kwenye feni. Waya wa pili wa feni ufungwe kwenye bodi ya gari.

4. Waya mwembamba utoke kwenye swichi ya ufunguo, upite kwenye fyuzi ndogo, uingie namba 86.

5. Waya mwembamba mwingine utoke namba 85 kwenda kwenye swichi ya joto. Upande wa pili wa swichi ufungwe kwenye bodi.

Baadhi ya Toyota za zamani zina swichi ya kinyume, ambayo hukata umeme joto likipanda. Magari mengi mapya huongozwa na kompyuta. Kwa magari hayo, fundi atafute ubovu wenyewe, asiunge njia nyingine.

Jaribu kabla ya safari

Washa injini, gari likiwa limesimama. Subiri. Feni ianze yenyewe, kisha baada ya muda isimame. Isipoanza na joto likazidi kupanda, zima injini.

Usitie mkono kwenye feni hata kama injini imezimwa. Feni nyingine huanza ghafla. Usifungue kifuniko cha rejeta maji yakiwa ya moto. Yataruka na kukuunguza uso.

Ndugu msomaji, bei ya swichi ni ndogo kuliko bei ya injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.