Je, Wajua? Grafu Inapogoma Kufunguka

Je, wajua kwamba Matplotlib, maktaba ya programu huria inayochora grafu kwa lugha ya Python, ilianzia kwa wagonjwa wa kifafa? John D. Hunter, mtafiti wa nyurobaiolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitaka kuyaona mawimbi ya umeme yaliyopimwa kwenye ubongo wao. Programu ya kulipia waliyokuwa nayo yeye na wenzake ilikuwa na leseni moja tu. Wanafunzi na watafiti wakawa wanapokezana kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ndipo ikubali kufanya kazi. Hunter akaandika ya kwake, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2003, bure kwa kila mtu.

Tangu mwanzo aliitaka ifanye mambo mawili: ichore ndani ya dirisha la kompyuta, na itoe picha safi ya kuchapwa kwenye majarida ya sayansi. Uwezo huo wa kuchora popote ndio uliompatia wafuasi duniani kote, na ndio huohuo unaowatesa wanaoanza. Kinachogoma, mara nyingi, hugoma pale Matplotlib inapokutana na kitu kisicho chake: dirisha, fonti, anwani ya faili, au Python yenyewe. Inaniuma kuona mwanafunzi mwenye takwimu nzuri anaacha kuchora kwa kudhani hana akili ya kompyuta, kumbe kinachokosekana ni kifurushi kimoja.

Je, wajua kwamba picha na dirisha ni vitu viwili tofauti? Kazi ya kugeuza namba kuwa nukta za rangi hufanywa na Agg, kifupi cha Anti-Grain Geometry, maktaba ya C++ iliyoandikwa na Maxim Shemanarev. Agg husafiri ndani ya Matplotlib, iwe Windows, Linux au Mac. Dirisha la kuonyeshea picha ndilo la kuazima: Tk, Qt, GTK, wx, au lile la Mac lenyewe. Ndiyo maana unakutana na majina kama TkAgg na QtAgg, yaani mchoraji mmoja na madirisha mbalimbali. Kila muungano wa namna hiyo ni injini (backend). Kujua injini yako ni ipi, andika print(matplotlib.get_backend()). Fanya hivyo kabla hujafuta chochote wala kusakinisha upya.

Je, wajua kwa nini programu inakwisha bila kosa na bila picha? Huenda umesahau plt.show(). Kama hukusahau, basi pengine injini yako ni Agg tupu, ambayo haina dirisha. Kazi yake ni kuandika faili tu. Tangu toleo 3.0 la mwaka 2018, Matplotlib hujichagulia injini: hujaribu dirisha moja baada ya jingine, na ikiyakosa yote huangukia Agg. Ukiita plt.show() hapo, mara nyingi utapata onyo kwamba injini hii haiwezi kuonyesha picha. Onyo hilo lina jibu kamili, nalo ndilo watu wengi hulipita bila kulisoma.

Wajua kwamba kwenye Ubuntu na Debian, Python huja bila Tk? Waandaaji wa mifumo hiyo wameitenga katika kifurushi chake. Amri moja, sudo apt install python3-tk, huleta dirisha. Kama Python uliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, sakinisha kwanza tk-dev kisha ujenge upya, kwa sababu Python iliyokwisha kujengwa bila Tk haiwezi kuongezewa baadaye kwa apt. Njia nyingine, inayofanya kazi kwenye mifumo yote mitatu, ni kusakinisha PyQt6 au PySide6 kwa pip na kuachana na Tk.

Na je, wajua kwamba lile kosa la DISPLAY linalowatokea watu kwenye seva ni urithi wa miaka ya themanini? Mfumo wa X ulianzishwa MIT mwaka 1984, ukiruhusu programu ifanye kazi kwenye kompyuta moja na dirisha lake lionekane kwenye nyingine. DISPLAY ni anwani ya skrini hiyo. Seva isiyo na skrini haina anwani, kwa hiyo Tk inakataa kufungua dirisha. Unaweza kuunganisha kwa ssh -X ili dirisha lije kwako, lakini kwa mtandao wa kusuasua utachoka. Nashauri plt.savefig("mvua.png"), kisha ulivute faili. Kazi inayojiendesha usiku haihitaji dirisha kabisa.

Linux iliyo ndani ya Windows nayo ilikuwa hivyo hivyo, bila madirisha, mpaka WSLg, sehemu yake ya madirisha, ilipokuja na Windows 11 mwaka 2021.

Wajua injini inavyopangwa? Kuna njia tatu: faili la matplotlibrc, kigezo cha mazingira MPLBACKEND, na matplotlib.use() ndani ya msimbo. Zikigongana, matplotlib.use() inashinda MPLBACKEND, na MPLBACKEND inashinda faili. Mtu anaweza kubadilisha matplotlibrc mara kumi bila kuona tofauti, kwa sababu kigezo cha zamani bado kinatawala.

Sasa tuje kwenye anwani za faili, ambako Kiswahili chenyewe kinatutega. Je, wajua kwamba Windows hutenganisha folda kwa alama ya \, na alama hiyohiyo katika Python ni ishara kwamba herufi inayofuata ina maana ya pekee? \t ni nafasi ya kichupo, \n ni mstari mpya, \b ni kurudi nyuma, \r ni kurudi mwanzo wa mstari, \f ni ukurasa mpya, \v ni kichupo cha wima, \a ni kengele. Sasa tazama majina ya kawaida ya faili zetu: takwimu, namba, bei, ripoti, faida, vipimo, afya. Yote yameangukia humo! Ukiandika "C:\data\takwimu.csv", Python inatafuta faili lenye nafasi ya kichupo katikati ya jina, kisha inakuambia halipo, wewe huku unaliona kwa macho yako.

Folda ya mwaka nayo haisalimiki: "\2023" husomwa kama herufi moja ya ajabu ikifuatiwa na 3, kwa sababu tarakimu tatu za kwanza zinachukuliwa kuwa namba ya herufi. "\Ubungo" na "\Nairobi" ni mbaya zaidi, maana programu haianzi kabisa. \U inadai tarakimu nane baada yake, na \N inadai jina la herufi. Hata "C:\Users" ina ugonjwa huo, nao ndio unaowapata wengi siku ya kwanza. Dawa ni fupi: weka r mbele ya alama za kunukuu, au tumia / badala ya \. Windows inaielewa / vizuri, na msimbo wako utakubalika kwenye Linux na Mac pia.

Linux hutofautisha Mvua.csv na mvua.csv. Windows na Mac, kwa mpangilio wao wa kawaida, hazitofautishi. Kazi iliyokamilika nyumbani inaweza kugoma kwenye seva kwa herufi kubwa moja.

Je, wajua kwa nini "ng’ombe" kwenye faili huonekana kama "ngâ€™ombe" kwenye grafu? Simu na programu za kuandikia barua hupenda kuweka kibainishi kilichopinda. Katika UTF-8 kibainishi hicho huchukua baiti tatu. Linux na Mac husoma UTF-8 bila kuambiwa, lakini Python kwenye Windows, ukitumia open() peke yake, kwa miaka mingi imekuwa ikifuata usimbaji wa zamani wa Windows, na kila baiti inageuka herufi yake. Ongeza encoding="utf-8" ndani ya open() na ng’ombe atarudi. Alama za kunukuu zilizopinda nazo, ukinakili msimbo kutoka kwenye Word, Python haizikubali.

Wajua kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na Python tatu au nne? Moja ilikuja na mfumo, nyingine uliipakua, nyingine imo ndani ya Anaconda. Pip inaweza kusakinisha kwa hii, wewe ukaendesha ile, kisha ukaambiwa moduli ya matplotlib haipo. Andika python -m pip install matplotlib, ukitumia neno lilelile la python unaloendeshea programu yako, na kifurushi kitafika panapotakiwa. Apple iliondoa Python 2.7 yake katika macOS 12.3, mwaka 2022, na maelekezo mengi ya zamani yaliyoitegemea hayafai tena.

Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, inakataza pip kugusa Python ya mfumo. Wengi huliona katazo hilo kuwa usumbufu na kutafuta namna ya kulivuka kwa nguvu. Tafadhali usilivuke. Python hiyo inatumiwa na programu za mfumo, na ukiiharibu umeharibu zaidi ya grafu. Tengeneza mazingira yako kwa python3 -m venv grafu, yawashe, kisha sakinisha humo. Ni kazi ya dakika chache, na ukikosea unafuta folda na kuanza upya.

Je, wajua kwamba ukiliita faili lako matplotlib.py, maktaba haitapatikana tena? Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu unayoiendesha. Ni kama kuita "Juma!" sokoni: anageuka aliye karibu, hata kama siye uliyemkusudia. print(matplotlib.__file__) itakuonyesha nani ameitika.

Kosa la Windows linalosema DLL imeshindwa kupakiwa mara nyingi linadai Visual C++ Redistributable ya Microsoft. Isakinishe, uwashe kompyuta upya, ujaribu tena.

Kwenye Mac, tangu chipu ya M1 mwaka 2020, kuna aina mbili za msimbo, arm64 na x86_64, na hazichanganyiki ndani ya Python moja. platform.machine() itakuambia Python yako ni ya upande gani. Dirisha la Mac pia hukataa kufunguliwa nje ya uzi mkuu wa programu, hata kama msimbo huohuo ulikubali mahali pengine.

Je, wajua kwamba Matplotlib hubeba fonti yake? Ni DejaVu Sans, fonti ya msingi tangu toleo 2.0 la mwaka 2017. Ukiomba Arial kwenye Linux isiyo nayo, utapata onyo na DejaVu badala yake. Maandishi yatabadilika upana, na pengine yatapandana. Ukisakinisha fonti mpya na isionekane, tatizo ni orodha iliyohifadhiwa: Matplotlib huzikagua fonti zote mara ya kwanza, kisha huitegemea orodha hiyo. Tafuta folda yake kwa matplotlib.get_cachedir(), futa faili linaloanza na fontlist, uanze upya. Na ukiona kisanduku mahali pa alama ya kutoa, fonti uliyochagua haina alama ile ndefu ya kihisabati; weka axes.unicode_minus kuwa False.

Seva nyingine hazimruhusu mtumiaji kuandika kwenye folda yake ya nyumbani, na kila mara orodha ya fonti hutengenezwa upya na programu kuchelewa kuanza. Elekeza MPLCONFIGDIR kwenye folda unayoruhusiwa kuiandikia.

Wajua kwamba NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, ilivunja vifurushi vilivyojengwa kwa NumPy 1? Kosa linataja numpy.core.multiarray, nawe unadhani ni la Matplotlib. Sasisha Matplotlib, au irudishe NumPy chini ya 2 kwa muda.

Hunter alifariki Agosti 2012 kutokana na matatizo ya matibabu ya saratani ya utumbo. Wengine waliendelea na kazi yake, na mwaka 2019 Matplotlib ilitumika kutoa picha ya kwanza ya shimo jeusi.

Je, wajua wanaoitunza wanajuaje kwamba grafu ni ileile kila mahali? Kila badiliko linalopendekezwa hupimwa kwenye Linux, Windows na Mac, na picha zinazotoka hulinganishwa na picha za mfano. Iligunduliwa kwamba matoleo tofauti ya FreeType, maktaba inayochora herufi, hutofautiana kwa nukta chache, hata picha mbili sahihi zikaonekana kama zina kosa. Kwa miaka mingi wakashikilia toleo moja, 2.6.1, kwa ajili ya vipimo hivyo.

Ukiona kosa ambalo hakuna dawa kati ya hizi inayoliponya, waandikie. Fomu yao ya taarifa inauliza mfumo endeshi wako, toleo la Matplotlib, injini, toleo la Python, na ulisakinisha kwa pip, conda au njia nyingine. Weka na msimbo mfupi kabisa unaozalisha kosa hilo. Kabla ya kutuma, iite matplotlib.set_loglevel("debug") mwanzoni mwa programu. Itakueleza fonti gani imetafutwa, na injini gani imepakiwa.