Mkunga wa Jadi Anapobisha Hodi Hospitalini

Usiku mmoja wa masika, nikiwa daktari wa zamu katika hospitali moja ya wilaya, bajaji ilisimama mbele ya wodi ya wazazi. Ndani yake alikuwamo mama aliyejifungua nyumbani, amefungwa kanga zilizolowa damu. Kando yake aliketi bibi mmoja, mkunga wa jadi, kiganja chake kikikanda tumbo la mzazi bila kupumzika. Muuguzi alimpokea kwa maneno makali: “Mkishaharibu huko, ndipo mnatuletea!” Bibi hakujibu. Aliendelea kukanda mpaka tulipompokea mgonjwa.

Mama yule alipona kwa oksitosini, maji ya mishipa na damu. Asubuhi nilimkuta bibi barazani, akingoja habari. Nilimuuliza kwa nini walichelewa. “Mwanangu,” alinijibu, “kanga ya kwanza ilipolowa nilijua si damu ya kawaida. Lakini niliyawaza maneno yenu, nikangoja ya pili.”

Jibu hilo sijalisahau, kwa sababu kanga moja ya kungoja yaweza kuwa uhai wa mtu. Mimba inapokomaa, mji wa mimba hupitisha takriban nusu lita ya damu, au zaidi, kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa hiyo huzibwa hasa na misuli ya mji wa mimba inayojikaza. Misuli ikilegea, damu hutoka kama maji katika bomba lililoachwa wazi. Wahenga walisema kawia ufike. Kwa damu ya uzazi, anayekawia huenda asifike kamwe.

Mwaka 1994, watafiti Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wazazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Bibi yule alinifundisha kwamba lugha yetu ya mapokezi, iliyo mlangoni mwa ucheleweshaji wa tatu, huzaa ule wa kwanza kijijini.

Kazi yake si nyepesi. Huitwa usiku wa manane, hukesha, humpikia mzazi uji, na malipo yake huwa kipande cha sabuni, kuku, au shukrani tupu. Anazijua nyumba na siri zake. Lakini hana oksitosini, hana damu ya kuongeza, wala kipimo cha shinikizo la damu. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mahali salama pa kujifungulia ni katika kituo chenye mtoa huduma mwenye ujuzi. Upungufu huo wa vifaa, hata hivyo, haumfanyi bibi huyo kuwa adui yetu.

Kwa wajawazito na familia zao: pangeni mapema usafiri, fedha na mtu wa kuchangia damu. Uchungu ukianza nanyi mko mbali, msinywe dawa za mitishamba za kuharakisha uzazi, kwani zinaweza kuupasua mji wa mimba. Nendeni kituoni mara moja mkiona degedege, maumivu makali ya kichwa, kondo lisilotoka ndani ya nusu saa, au damu inayofikia nusu lita, yaani ujazo wa chupa ndogo ya maji. Msingoje kiasi hicho kitimie iwapo mama analegea au damu inazidi kutiririka. Mkiwa njiani, kandeni tumbo chini ya kitovu, mama akojoe ikiwezekana, na mtoto anyonyeshwe.

Kwa wenzangu watoa huduma: mkunga wa jadi akileta mgonjwa, muulizeni mambo matatu: mtoto amezaliwa saa ngapi, kondo limetoka lote, na mama amepewa nini? Kisha mwambieni, “Umefanya vema kumleta.” Maneno hayo hayagharimu dawa wala umeme. Anayekaripiwa leo atangoja kanga nyingine kesho, na gharama ya kungoja huko ataibeba mama asiyekuwapo kwenye ugomvi wetu.

Bibi yule alirudi baada ya miezi michache, akiwa na mjamzito mwingine. Safari hii uchungu ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na kanga zote zilikuwa kavu.