Chukudu Isiyo na Jina la Fundi

Gari litokalo kiwandani huja na vitambulisho vyake: jina la kiwanda, namba ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Lakini chombo kilichochongwa uani kwa mtu, nani atakitambua baada ya fundi wake kufariki? Swali hilo lilitukuta mjini Butembo, nyumbani kwa mama mmoja mjane.

Nyuma ya jiko lake palikuwa na chukudu kuukuu, imeegemezwa ukutani. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kushika shoka.

"Koko," alisema, "hii ni miti mikavu tu. Tuipasue, tukokee moto."

Mama akakataa kabisa. Alisema kwamba marehemu mumewe aliichonga kwa mikono yake mwenyewe, na kwa jasho la chukudu hiyo akalipa karo ya watoto wanne. Kijana akatabasamu. "Babu alikuwa mchukuzi, hakuwa seremala. Bila shaka aliinunua Goma." Hapo tuliona machozi machoni pa mama. Kisha akatugeukia: "Mwalimu, wewe umesoma. Tuamulie."

Haya, tufanyeje? Kitabu hakikuwapo, wala hati. Ilitubidi kukisoma chombo chenyewe.

Wenyeji wa Butembo na Beni hawahitaji kuelezwa chukudu ni nini, lakini wasomaji wa mbali watuwie radhi. Ni ubao mrefu juu ya magurudumu mawili ya mti, pamoja na usukani wa mti mbele. Haina pedali wala mnyororo. Mchukuzi huweka goti moja juu ya ubao na kuisukuma ardhi kwa mguu wa pili. Akifika mteremkoni, hupanda na kuiacha ishuke kwa uzito wake. Hubeba makaa, viazi, ndizi na mbao, mzigo wa mamia ya kilo.

Wazee wengi wa Kivu husema kwamba chukudu zilianza kuenea miaka ya 1970. Ndiyo miaka ambayo Serikali ya Zaire ilitwaa biashara za wageni, kwa tangazo la tarehe 30 Novemba 1973, kisha bidhaa zikaadimika na barabara zikaharibika. Mwenye mti mgumu na tezo hakungoja petroli. Mwaka 2009 mji wa Goma uliipa chukudu heshima ya sanamu ya rangi ya dhahabu katika njia panda kubwa.

Wako wasemao kwamba chombo hiki ni mtoto wa baiskeli ya Ulaya. Ni kweli kwamba mwaka 1817 Karl von Drais wa Mannheim, Ujerumani, alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali. Lakini yeye alikaa juu yake na kukimbiza miguu yote miwili, wala hakukusudia kubeba magunia. Kufanana si kuzaliwa pamoja. Shida zikifanana, akili za watu hukutana njiani.

Tuliinamia gurudumu la mbele. Lilivikwa ukanda wa tairi kuukuu, uliopigiliwa misumari. Tulikumbuka kwamba Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, Ulaya ilianza kuutafuta mpira kwa pupa, na watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili wakateswa ili wauvune, hata nchi ilipoondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Na sasa, katika uwanja wa mjane, kipande cha tairi kilikuwa kimewalisha watoto wa Kongo.

Lakini tairi halikutaja jina la fundi. Tukamwita mtengenezaji mmoja mwenye karakana kando ya njia ya Beni. Mzee huyo hakusema neno kwa muda mrefu. Alipapasa ubao, akapima usukani kwa kiganja, akaingiza kidole katika matundu ya misumari mikubwa.

"Mwalimu," alisema, "usukani huu ni mfupi. Alichongewa mtu mfupi. Tena tazama, ubao umeliwa upande wa kulia: alipiga goti la kulia."

"Ndivyo alivyokuwa," alijibu mama kwa sauti ndogo.

"Lakini hata karakanani mtu hupimwa," alisema kijana.

"Kweli, mwanangu. Basi tazama matundu haya. Sisi hutoboa kwa keke. Haya yamechomwa kwa chuma cha moto. Ndani ni meusi. Huyu hakuwa na vyombo vya ufundi. Hakuna fundi wa kuuza afanyaye kazi ya taabu namna hii."

Mama akainuka bila kuaga. Alirudi na kichocheo cha moto, chuma kile kile anachokitumia jikoni mpaka leo. Mzee akaingiza ncha yake katika tundu la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Iliingia sawasawa katika yote.

Kijana akaweka shoka chini. Baadaye tulimwona akipiga goti la kulia juu ya ubao na kushika usukani. Hakuhitaji kuinama wala kujinyoosha; kimo chake kilikuwa kimo cha babu yake.

Ndugu wasomaji, nyumbani mwetu mna vitu vingi visivyo na namba wala cheti: kinu, kiti, jembe, mlango. Kabla ya kuvitia motoni, tuwaulize wazee wetu wakiwa bado nasi. Na fundi achongaye leo, aandike jina lake na mwaka chini ya ubao. Mjukuu wake asije akalazimika kulitafuta katika matundu ya misumari.