Betri kuukuu ziwekwe mbali na kisima

BURGAO, kusini mwa Kismayo, si mji wa viwanda, lakini wanaorejea na wachuuzi wa mpakani wana funzo mtaani Owino Uhuru, Mombasa. Huko, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha fidia hiyo.

Kwenye mchanga wa pwani, mvua hushusha uchafu upesi hadi maji ya kisima. Kuchemsha huua viini, ila hakuondoi risasi wala chumvi.

Basi betri mbovu isivunjwe wala kuzikwa kijijini, irudishwe ilikonunuliwa. Vyoo na mapipa ya dizeli viwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa na wa kumshtaki. Kisima tukikiharibu wenyewe, tutamdai nani?